Barua Iliyoniondoa Kwenye Mtihani

"Dada, jina lako halipo."

"Angalia tena, tafadhali."

Karani wa mitihani akapitisha kidole kwenye orodha tangu juu hadi chini. Nyuma yangu wenzangu wa stashahada ya uhasibu na fedha walikuwa wakiingia ukumbini mmoja mmoja, kila mtu na kikokotoo chake mkononi. Miaka miwili tulikuwa tumesoma pamoja jioni, baada ya kazi. Ilibaki karatasi ya mwisho tu.

"Si uliomba kuahirisha kwa sababu ya ugonjwa?" akaniuliza. "Mume wako alileta barua. Tukapiga namba uliyoandika kwenye fomu kuthibitisha, akapokea yeye. Akasema umelazwa."

"Sina mume."

Akafungua faili, akanionyesha. Ile namba ilikuwa ya mchumba wangu, fundi friji. Nilimwandika mwenyewe kama ndugu wa karibu. Mwandiko wa barua ulikuwa wa wifi yangu, dada yake, yule yule aliyetuandikia kadi za harusi, maana wa Fundi mwenyewe ni kama kuku kakanyaga wino.

Mlango wa ukumbi ukafungwa. Nilingoja uchungu uje, haukuja. Nilikaa kwenye benchi la nje, nikampigia wifi.

"Wifi, uliniandikia barua ya chuo?"

"Ndiyo. Kwani hukuipata? Kaka alisema umebanwa na maandalizi ya harusi, ukanituma nikuandikie kwamba unaumwa."

"Sikukutuma."

"Wifi yangu, nisamehe. Mimi nilijua ni wewe."

Nilipokata simu, nikakuta ujumbe wa Fundi umeingia: "Nakuombea mpenzi. Ukitoka nijulishe umeendaje."

Niliusoma mara tatu. Nikaenda karakana.

Nilimkuta amepiga magoti nyuma ya friji, bisibisi mdomoni. Aliponiona saa ile, akaitoa taratibu.

"Mbona mapema?"

"Wewe unajua mbona mapema."

Alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ile kampuni ya usafirishaji ilisema ukileta cheti mwezi ujao wanakuchukua," akasema. "Mji walipo ni mwendo wa siku nzima. Nikaona tukioana kwanza, halafu ufanye mtihani mwakani, hutaniacha."

"Niliwahi kukwambia nitakuacha?"

"Hapana."

"Uliniuliza?"

Akainamisha kichwa. "Nilikuwa naogopa jibu."

"Na ule ujumbe wa leo asubuhi?"

Akaanza kukunja kile kitambaa. Nadhani alitaka nimtukane. Sikuwa na tusi. Nilikuwa naangalia mdomo wake unavyocheza, kama ninavyoangalia televisheni ya jirani dirishani.

"Kesho saa mbili tunakwenda chuoni," nikamwambia. "Utamweleza karani kwa kinywa chako."

"Si wataniitia polisi?"

"Sijui. Utawauliza."

Alikuja. Amevaa shati la kanisani. Alisimama mbele ya meza ya karani akasema yote, hadi lile la kudanganya kwamba nimelazwa. Karani akampa karatasi aandike maelezo, akaandika ukurasa mzima kwa mwandiko wake mbovu, jasho likimtiririka shingoni. Siku ya tatu chuo kikanikubalia kurudi na kundi la marudio, baada ya wiki sita. Kampuni haikungoja, ilimchukua mtu mwingine.

Siku hiyo ya tatu Fundi alinisindikiza hadi getini.

"Kwa hiyo yameisha? Umenisamehe?"

"Nimekusamehe."

Akashusha pumzi. "Basi nimwambie mama maandalizi yaendelee."

"Mwambie harusi haipo."

"Si umesema umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Ila kila nikikupa siri au namba, nitakuwa naomba Mungu usiitumie. Mke gani anaishi hivyo?"

Alishika nondo za geti. Nikamwacha hapo.

Wiki sita nilisoma bila kuonja chakula. Shangazi alikuja kunishawishi, akasema mwanaume anayekuogopea ndiye anayekupenda. Nikamwambia "sawa shangazi", nikarudi kwenye mizania yangu. Nilifanya mtihani. Sikuhisi woga wala furaha.

Matokeo yalikuja Jumamosi mchana nikiwa naosha vyombo. Nilimpa mama simu, mikono yangu ilikuwa na povu.

"Umefaulu," akasema. "Masomo yote."

Niliendelea kusugua sufuria. Halafu nikakaa sakafuni, nikalia hadi kifua kikauma. Mama akakaa chini karibu yangu.

"Mwanangu, unalilia cheti au unamlilia yeye?"

"Sijui, mama. Niache nilie tu."

Akanivuta begani kwake, akanyoosha mkono kufunga bomba.