Semina Haina Mjomba

Yoeli Abrahamu alikuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu. Krismasi ilipokaribia alirudi kwao Lupaso. Kesho yake asubuhi aliingia shambani na wazazi wake kuokota korosho za mwisho wa msimu. Baba yake alipiga hadithi, mama yake akacheka. Yoeli alinyofoa korosho kwenye mabibo bila kusema neno.

"Yoeli, chuo kimekula ulimi wako?" mama aliuliza. "Ulikuwa mkimya, lakini si hivi."

Yoeli akasema ukweli. Chuoni kulikuwa na semina. Kila mwanafunzi alitakiwa kusimama mbele ya wenzake arobaini na kueleza mada yake. Siku ya zamu yake alidai anaumwa, akabaki bwenini.

"Mhadhiri amebandika tangazo," alisema. "Ambaye hakuwasilisha amwone wiki ya kwanza baada ya likizo. Asipofanya hivyo, hafanyi mtihani. Somo atalirudia mwakani."

"Si ungemwona kabla ya kuja?" baba aliuliza.

"Nilifika mlangoni mara mbili, Baba. Nikasoma tangazo, nikarudi."

Baba Yoeli alifikiri kidogo. "Basi tumsubiri mjomba wako. Jambo hili ni lake."

Kwao ndivyo mambo yalivyokwenda. Kijana akiwa na jambo kwa wakubwa, mjomba ndiye msemaji. Mjomba alisema wakati wa jando, alisema kwenye posa, alisema hata kwa mtendaji wa kijiji. Kijana alikaa nyuma akiangalia chini. Hiyo ndiyo heshima.

Mjomba Dastani alifika kutoka Newala siku ya pili. Aliposikia habari alijipiga paja kwa furaha.

"Hili dogo sana! Tutapanda basi wote. Nitaingia kwa huyo mwalimu, nitamwambia mpwa wangu ana haya tangu tumboni. Nitambebea na korosho zilizobanguliwa. Atakataa vipi?"

Yoeli alipumua. Siku hiyo alikula sahani mbili za ugali.

Baada ya Krismasi alikuja jirani yao, Mwalimu Julia. Alifundisha sekondari, na chuo kikuu alikuwa amekimaliza.

"Shikamoo, Mjomba Dastani."

"Marahaba, Mwalimu. Umekuja wakati mzuri. Hivi wahadhiri wanapenda korosho za chumvi au zisizo na chumvi?"

Julia alipoelezwa safari yenyewe, alishika kichwa.

"Mjomba, utamponza mtoto! Ukiingia ofisini na korosho wakati anadaiwa semina, hiyo wataiita rushwa."

"Rushwa? Korosho ni heshima!"

"Hapa kwetu. Kule mtaitwa mbele ya kamati, wewe na mpwa wako. Halafu ukishasema vizuri, alama wamwandikie nani? Wewe?"

Mjomba alimgeukia shemeji yake amsaidie kusema. Lilikuwa jambo la nadra.

Baba Yoeli hakufurahi. "Mwalimu, tumemfundisha kutosema ovyo mbele ya wakubwa. Leo ukimya umekuwa kosa?"

"Mmemlea vizuri, Baba Yoeli. Lakini kule kusema ndiyo kazi aliyopewa. Mhadhiri ana wanafunzi mamia. Asiyesema, atajuaje kama amesoma?" Julia akamgeukia Yoeli. "Unakula na nani kule?"

"Peke yangu."

"Darasani unakaa wapi?"

"Nyuma kabisa."

"Kama mimi mwaka wangu wa kwanza. Hamia mbele, uzoee kujibu maswali bila kuwaona wale arobaini. Tafuta wawili watatu wa kusoma nao. Jaribu kusema mbele yao kwanza. Ukizidiwa na hofu, nenda kwa mshauri wa wanafunzi. Yupo kwa kazi hiyo, na hakuna aibu."

"Wakicheka Kiingereza changu?"

"Watacheka. Zamu yao nayo itafika. Mada yako ni nini?"

"Kuhifadhi mihogo mikavu."

"Mjomba Dastani, kaa kwenye kiti. Wewe ndiye mhadhiri."

Mjomba alivaa miwani ya shemeji yake na kukunja uso. "Wewe nani?"

"Yoeli Abrahamu," Yoeli alinong'ona.

"Sema! Hata kuku hajashtuka!"

Yoeli alirudia mara tatu. Akaanza mada, akasema dumuzi, yule mdudu anayetoboa mihogo, huingia ghalani ndani ya mihogo yenyewe.

"Uongo!" alisema Mjomba. "Dumuzi hupita dirishani. Nina ghala miaka thelathini."

"Mjomba, unachanganya mihogo mipya na ya mwaka jana! Magunia yako huyasafishi, mihogo huikaushi vizuri. Dumuzi wako umewaingiza mwenyewe!"

Wote walimtazama. Alikuwa amesimama, na sauti ilifika barabarani. Mama Yoeli alicheka hadi machozi.

"Umeshindwa, kaka," alisema.

Walifanya zoezi hilo kila siku. Likizo ilipokwisha, Yoeli alipanda basi Masasi peke yake.

Siku ya kwanza ya masomo alibisha mlango wa mhadhiri.

"Sikuumwa," alisema. "Niliogopa. Naomba nafasi nyingine."

Mhadhiri alimkata alama tatu kwa kuchelewa, akampa Alhamisi. Yoeli alitafuta wenzake wawili, Gift na Anastasia. Walimsikiliza jioni mbili. Gift alikiri kwamba naye siku ya zamu yake alitapika.

Alhamisi mchana simu ya Mjomba Dastani iliita Newala.

"Shikamoo, Mjomba. Nimewasilisha. Nimepata alama tisa kati ya kumi na tano. Nimeruhusiwa kufanya mtihani."

"Marahaba! Walicheka?"

"Mmoja, mwanzoni. Halafu akaniuliza swali gumu."

"Ukaangalia chini?"

"Nilimjibu, Mjomba. Akaniuliza tena, nikamjibu tena. Mhadhiri ndiye aliyetukatiza. Alisema muda umekwisha."