Shemeji Alilegeza Breki Yangu, Kamera Iko Kifuani Mwake

Wasomaji wenzangu, mimi ni baba wa watoto watatu, nina miaka thelathini na minane. Nilizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mto, na sasa naishi Kamembe. Ninatengeneza baiskeli na kuwaongoza wageni wanaopenda kushuka nazo milimani. Ninawaandikia kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia bado haunitii vizuri… Mnivumilie.

Aliyeniumiza si mgeni. Ni Fiston, kaka wa mke wangu.

Alipokosa kazi, mimi ndiye niliyemchukua. Nilimfundisha kila kitu, na sikuchoka kurudia. Tulipoanza kuwarekodia wageni safari zao, nilimfundisha na kamera, ile ndogo inayofungwa mwilini. Nilimwambia, ukiiweka kwenye usukani, kila jiwe litaitikisa na picha itamtia mtu kizunguzungu. Kwenye helmeti si mbaya, ila kichwa hakitulii, kinageuka kila unapoitwa. Kifuani ndipo pazuri. Mkanda mmoja mgongoni, mmoja kila bega, na uvute mpaka vidole viwili tu vipite chini yake.

Halafu inua uso wa kamera. Wengi hukosea hapo. Mtu akisimama wima ataona kamera inatazama mawingu, adhani imekaa vibaya. Lakini baiskeli hupandwa kwa kuinama. Ukiinama, kamera nayo inashuka, inaona njia mbele yako na mikono yako miwili.

Mikono yako miwili… Laiti Fiston angenisikiliza vizuri siku ile!

Chama chetu cha waongozaji kilikuwa kinatafuta kiongozi wa safari za wageni kwa msimu mzima. Wengi walinitaja mimi. Fiston alikuwa akicheka tu na kuniita kwa jina la binti yangu, "Papa Aline, wee umeisha kuwa mzee, utuachie batoto nasi tule." Nilicheka naye. Ningejuaje kwamba hakuwa anatania?

Asubuhi ya safari ya kushuka Bugarama, nilimvalisha kamera kifuani. Nilikaza mikanda, nikabonyeza kitufe ianze kurekodi, nikampiga begani. "Nimeifunga, twende."

Neno hilo, ndugu zangu, lilibeba mambo mawili. Mimi ufundi nilifundishwa na mzee mmoja wa Kigoma. Kwake kufunga ni kukaza kitu mahali pake: unafunga gurudumu, unafunga breki. Lakini kwetu Kamembe, kama Bukavu, mtu akisema amefunga redio au amefunga simu, ameizima. Mimi nilimaanisha kamera imekaa imara. Yeye alisikia kwamba imezimwa, akadhani natunza betri.

Tulipumzika juu ya mteremko wa mwisho, pale unapoona mashamba ya mpunga yametandazwa chini na vumbi la kiwanda cha saruji likielea upande wa Muganza. Nilikwenda kuwaeleza wageni jinsi ya kushuka wakiwa wamekaa nyuma ya kiti. Baiskeli yangu niliiacha kwa shemeji. Ningemwachia nani mwingine?

Nilitangulia, kama kawaida. Kwenye kona ya kwanza nilibonyeza breki ya mbele, waya ukateleza, mpini ukalegea mkononi kama uzi. Ya nyuma peke yake haikutosha. Nakumbuka mgomba mmoja ukinijia usoni… Nilivunjika mtulinga na kifundo cha mkono.

Maumivu ya mfupa yana dawa. Maneno je?

Mji mzima uliongea. Fundi gani anasahau kukaza breki yake mwenyewe? Wateja walipita mbele ya kibanda changu wakisukuma baiskeli zao kwenda kwa wengine. Chama kikampa Fiston uongozi. Naye akaja kunitazama na mkate na fanta, akaniombea kwa sauti kubwa, amenishika mkono huu huu uliovunjika. Wakati wa kuondoka aliirudisha kamera yangu mezani. Hakuwa ameifungua hata kuitazama. Kwa nini aitazame? Kwake ilikuwa imezimwa.

Nikiwa nimelala na plasta, nilimwomba mke wangu tutazame picha za safari ile, angalau nisahau. Tuliona njia, tukaona migongo ya wageni. Kisha mawingu matupu, maana Fiston alikuwa amesimama. Halafu mawingu yakaondoka. Alikuwa amechuchumaa. Gurudumu langu la mbele likajaa kioo chote, na mikono miwili yenye glavu ikachukua spana ndogo, ikalegeza skrubu ya waya, taratibu, bila kutetemeka. Alikuwa akipiga mluzi, wimbo wa kwaya yao.

Glavu zile mke wangu ndiye aliyemshonea kaka yake. Alizitazama, akainuka, akatoka nje.

Kwetu jambo la shemeji hulipeleki barabarani kabla halijapita kwa wakwe. Niliheshimu desturi. Nilipanda Giheke nyumbani kwao, mkono nimeufunga shingoni, nikawaonyesha picha kwenye simu. Nilisubiri Fiston akane. Hakukana. Alisimama akaninyooshea kidole.

"Ulisemaka umeifunga!"

"Niliifunga kifuani mwako," nikamwambia.

"Kufunga ni kuzima! Muliza muntu yeyote hapa. Ulinidanganya, bofrere, wewe shemeji yangu!"

Na mama mkwe, mama niliyemheshimu kama wangu, akadakia: "Papa Aline, wee ulimutega mutoto yangu sawa panya. Muntu anarekodi ndugu yake bila kumwambia, huyo ni muntu gani?"

Mjomba mmoja akasema Kiswahili cha Kigoma si cha kwetu. Mwingine akasema nilipaswa kusema "nimewasha". Walibishana juu ya neno lile mpaka chai ikapoa. Nilikaa pale nikiwatazama… Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya breki. Hakuna aliyeuliza habari ya bega langu.

Mwishoni wakaniomba ninyamaze kwanza, familia itafakari. Nikakubali. Nilikubali, wasomaji wenzangu! Wakati mimi nanyamaza, Fiston alikwenda kwa waongozaji, akawaambia ninawavalisha watu kamera ili kuwachunguza na kuwachongea. Nilipofika na picha zangu, hawakutaka kuziona. Mmoja aliniambia, "Mzee, kaa mbali na kifua changu."

Leo hakuna mwongozaji anayekubali kupanda nami. Mke wangu huenda Giheke peke yake. Watu wa kanisani huniuliza kama nimemsamehe. Bado. Nikisema nimesamehe nitakuwa nawadanganya, na ninyi sitaki kuwadanganya.

Nawasihi. Mkimvalisha mtu kamera, mwambieni wazi: nimeiwasha, inakurekodi. Si kwa ajili yake tu, ni ili asipate pa kujificha baadaye. Kabla ya mteremko bonyezeni breki zote mbili kwa mikono yenu wenyewe, hata kama aliyeshika baiskeli amenyonya ziwa moja na mkeo.

Lakini kubwa zaidi ni hili. Jumamosi iliyopita niliwaona wageni wapya wakipita mbele ya kibanda changu, wanacheka, Fiston mbele yao na spana ile mfukoni. Sikuweza kuwaambia kitu, maana nani angeniamini? Ukweli niliokuwa nao niliulaza ulipokuwa bado na nguvu. Basi wewe, siku wakikuomba unyamaze kwa heshima ya familia, waulize kwanza: kesho nani atapanda baiskeli ile?