Nati Zilizokazwa Kushoto

Maiti ilikuwa sakafuni, kichwa kimelala mapajani mwa kinyozi aliyetuhumiwa kumuua. Ndivyo walinzi wa taasisi walivyowakuta saa mbili na nusu asubuhi, na ndivyo Inspekta alivyowakuta saa tatu, maana kinyozi alikataa katakata kuinuka.

Marehemu alikuwa Fundi Mkuu wa Mlango. Kinyozi alikuwa mdogo wake wa toka nitoke, na taasisi nzima ilijua kwamba hawajasemezana miaka tisa. Kwenye paji la uso la marehemu palikuwa na uvimbe mkubwa. Mkurugenzi wa taasisi alishatoa hukumu yake: kinyozi ndiye muuaji, kilichobaki ni pingu.

Inspekta alimfunga pingu kweli, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu. Lakini wenzake hawakumwita Sindano bure. Aliingia polepole, na hakutoka bila uzi.

"Ulifuata nini huku?"

"Aliniita."

"Lini?"

"Leo saa mbili. Alipiga simu ya kibandani kwangu. Akasema, Wembe, sijisikii vizuri, njoo."

"Wembe ndiyo nani?"

"Nadhani ni mimi. Hajawahi kuniita hivyo. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo."

"Na ukaja, baada ya miaka tisa?"

"Nimemwacha mteja na povu kidevuni, afande. Nimefika nimemkuta kashakata roho."

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa harusi. Kinyozi alipooa, kiti cha kaka yake kilikaa wazi hadi watu wanakunja maturubai, kwa sababu Fundi alibaki kazini akikaza mabomba ya Mlango. Hakuomba radhi, na mdogo wake hakuuliza. Vichwa vigumu wote wawili, kila mmoja alingoja mwenzake aanze.

Inspekta akaugeukia Mlango. Ulikuwa chumba cha bati, upana wake kama choo cha ofisini, na sakafu yake ilikuwa mizani. Ng'ambo yake kulikuwa na ulimwengu mwingine: mji huuhuu, taasisi hiihii, watu walewale, ila mambo yamepinda kidogo hapa na pale. Mkurugenzi alimweleza masharti. Kinachokwenda na kinachokuja lazima viwe na uzito sawa. Tena jozi ikishabadilishana haitenganishwi. Ukitaka sanduku lako lirudi, lao lirudishe kama lilivyokuja, bila kupungua hata msumari. Mpaka leo yalikuwa yamevuka masanduku na barua tu. Binadamu alikatazwa.

Kwenye mifuko ya marehemu mlikuwa na bolti na nati, kilo mbili na ushee. Mkurugenzi akasema fundi ni fundi, usishangae kumkuta na vyuma. Inspekta akaendelea kupekua. Alikuwa amefunga vitanda vya kutosha maishani mwake kujua kwamba nati hukazwa kuelekea kulia. Akachukua bolti moja na nati moja kutoka mfuko uleule, akakaza kulia. Zikakataa kushikana. Akazungusha kushoto, nati ikateleza hadi mwisho.

"Nani hapa anakaza kushoto?"

"Hakuna," alisema Mkurugenzi. Kisha akatafuta kiti. "Ng'ambo ndiko wanakokaza kushoto."

"Basi huyu si fundi wenu. Ni fundi wao, na alikuwa mwepesi kuliko wenu, ndiyo maana akajijazia vyuma."

Katika mfuko wa shati la marehemu palikutwa kikaratasi, mwandiko wa Fundi usiokosewa: "Moyo, hospitali, saa nne. Kurudi, saa tisa kamili." Sasa Inspekta alijua Fundi wa kweli yuko wapi. Kama saa tisa ingepita, alisema Mkurugenzi, Mlango ungefika mwisho wa kipindi chake cha kuwa wazi na usingefunguka tena kwa miaka minne, na kwa miaka hiyo kinyozi angeozea gerezani kwa kumuua mtu aliye hai.

Daktari wa polisi alifika na visu vyake, akitaka mwili upelekwe ukapasuliwe na moyo uchukuliwe kama kielelezo. Inspekta akasimama mbele yake.

"Mchunguze kwa nje tu, dokta. Ukitoa kitu, Fundi harudi."

"Na asiporudi? Utasema maiti umeipeleka wapi?"

"Nitasema nimeipeleka kwao."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu jasiri. Lakini kazi yake ya miaka ishirini ilikuwa imelala pale sakafuni. Daktari akakagua, akanung'unika, akakagua tena. Midomo ya buluu, miguu iliyovimba, vidonge vya moyo ndani ya soksi. Mtu huyu hakupigwa. Moyo ulimsimama, akaanguka, akajigonga kwenye kona ya meza.

Walipiga picha, wakachukua alama za vidole, na saa tisa kasoro dakika mbili wakamlaza marehemu juu ya mizani kwa heshima zote. Mlango haukutikisika. Mkurugenzi akapekua mifuko ya maiti mara mbili, jasho likimtoka. Saa tisa kasoro nusu dakika Inspekta akakumbuka mfuko wake mwenyewe, ambamo bolti na nati yake vilikuwa ndani ya bahasha ya vielelezo. Akavirudisha.

Bati likanguruma. Maiti haikuwapo. Mahali pake palisimama Fundi Mkuu, mzima wa afya, amenyolewa safi.

"Mbona mmemfunga mdogo wangu?"

"Kwa kukuua," alisema Inspekta.

Alipoelezwa yaliyotokea, Fundi aliketi chini akamlilia pacha wake wa ng'ambo. Kisha akakiri yote bila kusukumwa. Walikuwa wakiandikiana mwaka mzima, barua zikifichwa ndani ya masanduku, na mpango wa kuvuka waliupika wenyewe.

"Yeye alifuata nini huku?"

"Daktari bingwa wa moyo. Kwao yule daktari ni seremala."

"Na wewe?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Mimi wa kule alikwenda kwenye harusi ya mdogo wake. Nilitaka kukaa siku moja na mdogo wangu asiye na kinyongo nami. Kibanda chake kiko dakika kumi tu kutoka hapa kwa miguu. Nikaona rahisi zaidi kuvuka ulimwengu."

Shtaka la kuvuka bila kibali lilikuwa linamngoja, naye hakulipinga. Inspekta akafungua pingu za kinyozi, na mikono ya kinyozi ilipolegea, yeye pia akavuta pumzi ambayo hakuivuta tangu asubuhi. Alifurahi, na hakuona haya kufurahi kazini.

Kinyozi akamsogelea kaka yake. Akamshika kidevu, akamgeuza kuelekea dirishani.

"Nani kakunyoa?"

"Wewe."

Kinyozi akapapasa chini ya sikio.

"Hapa nimeruka," alisema. "Twende kibandani nikumalizie."

Inspekta alitakiwa kumpeleka Fundi kituoni akaandike maelezo yake. Akatazama saa, akachukua kalamu na daftari, akaamua kwamba maelezo yanaweza kuandikwa popote penye kiti, akawafuata.