Phanice Akataa Kuwasha Pipa

Kila jioni baada ya shule, Phanice alivua sare, akachota maji, kisha akaketi nyuma ya nyumba kufungua kompyuta kuukuu. Baba yake mdogo, Gisiri, aliyekuwa akimlea, alizinunua kwenye ofisi na saiba, yale maduka ya intaneti, mjini Isebania. Phanice aliipenda kazi hiyo. Alijua skrubu ya kuanza nayo, na aliweza kung'oa bodi ya kijani bila kuivunja. Kwenye meno ya ukingoni mwa bodi hizo kulikuwa na dhahabu, nyembamba kuliko ganda la kitunguu.

Kilichofuata ndicho alichokichukia. Gisiri alichoma bodi ndani ya pipa, kisha akaloweka mabaki kwenye beseni la tindikali ili apate dhahabu. Moshi uliwasha macho. Mniko, mtoto wa Gisiri ambaye hakuwa ameanza shule, alikohoa hadi akatapika.

Siku moja Phanice alimweleza mwalimu wa sayansi, Bwana Joash, juu ya moshi ule. Mwalimu alishtuka. Alimwambia kuwa bodi hizo zina madini ya risasi, na kwamba moshi wake ni sumu, hasa kwa watoto wadogo.

Jioni hiyo Gisiri alimpa kiberiti. "Washa pipa."

"Hapana, baba mdogo."

Gisiri alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri.

"Nitafungua kompyuta mpaka vidole viume," Phanice alisema. "Lakini moto huu siwashi. Mwalimu amesema moshi wake ni sumu, na Mniko anauvuta. Amesema pia kuna wanunuzi Migori mjini wanaochukua bodi nzima na kuzipeleka kiwandani. Huko wanatoa dhahabu kwa mashine."

"Ili faida waile wao? Unga unaokula hapa unatokana na pipa hili."

"Basi leo sitakula."

Gisiri akawasha mwenyewe. Phanice akambeba Mniko mgongoni, akampeleka kwa jirani, mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Kesho yake akafanya vivyo hivyo, na siku iliyofuata pia. Gisiri alimwita mkaidi. Akamkataza kwenda kucheza mpira. Phanice hakulia wala hakuomba msamaha.

Asubuhi moja Mniko aliamka akihema kwa shida, mbavu zikiingia ndani. Walimkimbiza zahanati. Daktari alimpa hewa ya oksijeni, kisha akauliza, "Nyumbani mnachoma nini?"

Gisiri aliinamisha kichwa.

"Bodi za kompyuta," Phanice alijibu. "Na tindikali iko uani."

Gisiri hakumkaripia. Mniko alipopata nafuu, Gisiri alisafiri hadi Migori mjini na gunia la bodi nzima. Faida ilikuwa ndogo kuliko ya awali, lakini wanunuzi walikubali kuchukua kila atakacholeta. Walikuja pia kuondoa ile tindikali, nalo pipa likatupwa.

Jioni ya siku hiyo Gisiri alimwita Phanice. "Nilikuita mkaidi, na nilikosea. Mtoto anapaswa kuwatii wakubwa wake. Lakini mkubwa akiagiza jambo la kudhuru watu, kulikataa si utovu wa adabu. Hakuna dhahabu ninayoweza kuilinganisha na pumzi ya mwanangu."

Kisha akauliza, "Na nikikuagiza tena jambo kama lile?"

Phanice alimtazama usoni. "Nitakataa tena, baba mdogo."

"Vizuri," Gisiri alisema.