Pampu ya Joto ya Dobi

Dobi na mkewe walikuwa wakifua mashuka ya hospitali. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha. Mashuka ya wagonjwa hayataki mchezo, yanataka maji ya moto. Maji hayo waliyapasha moto kwa hita ya koili ya umeme.

Mwaka ule mvua ikagoma. Bwawa la kuzalisha umeme likapungua, umeme ukawa wa mgawo. Koili ikaumeza wote, maji yakabaki vuguvugu. Hospitali ikasema wazi: mashuka yakichelewa tena, kazi anapewa mwingine.

"Tumekwisha," alisema Dobi.

"Umekwisha wewe. Mimi namwita fundi," mkewe alimjibu.

Fundi friji alikuwa jirani yao, mama mmoja mcheshi. Aliwashauri wanunue pampu ya joto. Dobi akauza pikipiki yake huku roho ikimuuma.

"Umewahi kugusa nyuma ya friji?" fundi alimuuliza akiifunga pampu.

"Panachoma!"

"Lile ni joto lililotolewa ndani. Pampu nayo inavuta joto la hewani, inalitia kwenye maji. Hailitengenezi, inalihamisha tu. Ndiyo maana inakula umeme kidogo kuliko koili."

"Na hilo joto la hewani ni bure?"

"Bure kabisa, jirani. Hata asante halidai."

Mwanzoni maji yalipata moto vizuri. Kisha, lo! Yakapoa.

"Pikipiki yangu mimi!" Dobi alilia.

Fundi alikuja mbio. Alipoiona pampu alicheka hadi akashika ukuta. Mke wa Dobi alikuwa ameifunika kitambaa cha kutarizi, na juu yake ameweka maua ya plastiki.

"Dada, ndiyo nini hii?"

"Vumbi, jirani! Kitu cha thamani hufunikwa."

"Funika redio. Hii inahitaji hewa, nawe umeiziba pua! Iache wazi pande zote, na usiifungie chumbani."

Kitambaa kikatolewa. Baadaye Dobi alichovya kidole majini, akakitoa upesi.

"Mungu ashukuriwe, yanaunguza!"

"Tukitumia pampu kama hizi wengi," alisema fundi, "maji ya bwawa yatatutosha hadi mvua inyeshe."

Mashuka yalifika hospitali kabla ya saa yake. Nesi mkuu akayagusa, akayanusa.

"Haya, kazi ni yenu," alisema. "Kesho mchukue na ya wodi ya wazazi."

Walipotoka getini, mke wa Dobi alicheka. Akaketi chini palepale.

"Mume wangu," alisema, "leo ndiyo nitalala usingizi."