Mkono wa Shangazi

Kila asubuhi, Kidomo alijaza jagi maji safi na kuliweka kwenye kigoda mlangoni pa kibanda cha baba yake, fundi viatu. Kando yake aliweka beseni, na sabuni aliyoifunga kwa uzi wa viatu, maana sabuni ya mlangoni huota miguu. Jina la Kidomo alipewa na majirani, wala hakupewa bure.

Wiki hiyo kipindupindu kilikuwa kimeingia mtaani. Mwalimu aliwaambia wanafunzi wasalimiane bila kushikana mikono. Basi Kidomo akajiona askari. Hata muuza maziwa alifokewa: "Mkono chini!"

Jumamosi, baba alifagia kibanda mara tatu. Alikuwa akimngojea dada yake mkubwa. Walikuwa wamenuniana miaka miwili kwa sababu ya cherehani ya marehemu mama yao.

"Shangazi yako akiondoka leo na hasira," baba alisema, "hatarudi tena."

"Hodi!"

"Karibu, dada!"

Shangazi aliingia na mkoba wake, akatabasamu, akanyoosha mkono. Kabla baba hajajua la kufanya, Kidomo alijitupa katikati yao.

"Usimguse, baba! Hujui mkono huo umeshika nini!"

Shangazi akaurudisha mkono wake polepole. "Kumbe ugonjwa wenyewe ni mimi! Nimesafiri nusu siku kuja kuitwa kipindupindu."

"Dada, huyu ni mtoto tu…"

"Mtoto husema anayoyasikia nyumbani." Akageuka kuelekea mlangoni.

Kidomo alimtazama baba yake. Alikimbilia kigoda, akachukua jagi na beseni, akapiga magoti mbele ya shangazi yake.

"Shikamoo, Shangazi. Nimekosa. Si mkono wako peke yake. Hata wa baba unashika viatu vya mtaa mzima, na viatu hivyo vimekanyaga mambo! Naomba nikunawishe."

Shangazi aliuma mdomo ili asicheke, lakini kicheko kikamponyoka. Akaweka mkoba chini.

"Nipe hilo jagi," baba alimwambia Kidomo. "Huyu ndiye aliyekuwa akininawisha nikiwa sijui hata kushika kijiko."

Alimmiminia dada yake maji taratibu. Kisha Shangazi akachukua jagi, akammiminia yeye.

"Sugua hapo, bado kuna gundi! Tangu utoto wako, kunawa ni vita."

Maji yalipokwisha, hasira nayo ilikuwa imekwisha. Hawakushikana mikono. Kila mmoja aliweka mkono kifuani, wakaketi. Wakakubaliana cherehani ikae kwa Shangazi, na Kidomo aende kujifunza kushona wakati wa likizo.

"Mwanangu," Shangazi alimwambia, "ulilosema ni kweli. Ugonjwa haujui shangazi wala jirani, na mikono tuiache mpaka upite. Lakini ukweli ukiurusha kama jiwe, utamuumiza hata unayemwokoa. Ukimnyima mtu mkono, mwongezee heshima."

Kesho yake muuza maziwa alipofika, Kidomo aliweka mkono kifuani, akainama kidogo.

"Shikamoo, mjomba. Mkono wako nimekuwekea, ugonjwa ukiondoka nitakupa."

"Marahaba, Kidomo," alijibu akicheka. "Naona leo hata mdomo umenawa."