Rong Kwenye Lango la Mashariki

Zama zile, watawala wa Uchina walipokwenda vitani kwa magari ya farasi, majirani zao wote walipachikwa majina kwa pande za dunia. Wa mashariki waliitwa Yi, wa kusini Man, wa magharibi Rong, wa kaskazini Di. Wao wenyewe wanajiitaje, hakuna aliyejisumbua kuuliza.

Hulan alikuwa Rong, mfugaji farasi mwenye nywele zisizofungwa na jambia la shaba kiunoni. Alifika Lanqiu, mji wa mtawala mmoja wa Uchina, hoi bin taabani kuomba jeshi. Ngome ya kwao ilikuwa imezingirwa na Di, na kuanzia siku hiyo ndani yake yalibaki maji ya siku tano tu. Safari ya kurudi ilitaka siku nne.

Siku hizo mtawala alikuwa akipokea wageni, lakini kwa desturi: leo Yi, lango la mashariki; kesho Man, lango la kusini; Rong keshokutwa, lango la magharibi. Karani Bo Xin, mtu ambaye hata nyumba ikiungua angetaka watu watoke kwa zamu, alimwamuru asubiri. Hulan alipiga hesabu: angefika kwao siku ya sita, maji yamekwisha. Akauzunguka ukuta na kujipanga katikati ya Yi waliobeba chumvi na manyoya.

Bo Xin alipomwona nusura adondoshe vibao vyake vya mianzi. Alimkumbusha kwamba joho lililofungwa kushoto ni la Rong, asimdanganye mtu.

"Bwana karani," akasema Hulan kwa upole, "nikisimama kwetu, jua huchomoza upande wenu. Kwa desturi yako, nyinyi ndio Yi wangu. Basi nimekuja kusimama na wenyeji."

Yi walicheka kwanza. Mtawala, aliyekuwa roshani juu ya lango, alicheka mpaka shanga za taji lake zikagongana. Kisha akamuuliza shida yake, akasikia habari za maji, na kabla ya adhuhuri magari hamsini yalikuwa njiani.

Siku ya nne waliwavamia Di kutoka nyuma, wakawatawanya. Hulan alimkuta mkewe akikwangua tope kisimani. Alilia mbele ya askari wote, wala hakuona haya.

Bo Xin aliandika ukweli mtupu: "Mwaka huu Rong waliingia kwa lango la mashariki." Kwa mstari huo wasomi walivutana vizazi na vizazi, wengine wakiapa kwamba Rong wa kale walikuwa watu wa pwani ya mashariki. Hulan hakuwahi kuiona bahari hata siku moja.